Uzi: Dereva wa farasi wa kigari akizidisha mjeledi, faini inatosha au anyang'anywe na ushindi?

Mswahili wa Ontario (#1)
Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi kwenye zizi la farasi wa mbio huku Ontario, Kanada. Kwa wasioujua mchezo huu: farasi hapandwi mgongoni. Anavuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva kakaa nyuma karibu kabisa na mkia, kashika hatamu na mjeledi. Farasi haruhusiwi kwenda shoti. Anatakiwa abaki kwenye mwendo wake, ama troti, ama ule wa kutupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Akivunja mwendo, dereva lazima amvute mpaka atulie, na hapo wenzake wameshapita.

Tangu tarehe 1 Septemba 2009, kanuni za Ontario zinamtaka dereva awe na hatamu kila mkono mwanzo hadi mwisho wa mbio. Zamani walikuwa wanakusanya hatamu zote mkono mmoja, ule mwingine unapanda juu na kushuka kwa nguvu zote. Hilo limekwisha. Ukimpiga farasi ambaye hana tena nafasi ni kosa, ukimpiga baada ya kuvuka mstari ni kosa, ukimwachia alama ni kosa.

Lakini taarifa za waamuzi bado zinatoka na faini za mjeledi, na majina ni yaleyale. Mimi ndiye ninayemwogesha farasi akirudi. Unamwaga maji ya vuguvugu, unapitisha kiganja pembeni ya tako pale manyoya yalipolala, na unakuta tuta jembamba refu lenye joto kuliko ngozi ya jirani. Machoni halionekani, hasa kwa farasi mweusi. Mkono ndio unaolijua. Ukiligusa, anainua mguu wa nyuma.

Hoja yangu: faini haifanyi kazi kwa sababu ushindi unabaki. Chukua mbio za zawadi ya dola 20,000. Mshindi anachukua nusu, yaani 10,000, na dereva anapata asilimia 5 ya hizo, dola 500. Ukimtoza 200 bado yuko juu. Mfute ushindi, farasi ashushwe nafasi, uone kama kesho atainua mkono.

Mnasemaje?

Kipanga wa Tandale (#2)
Kwa hiyo mkeka wangu uchanike kwa sababu dereva kashindwa kuzuia mkono wake? Mkuu, mimi nimeweka hela kwa farasi, sikuweka kwa tabia ya dereva. Hapana. Hapo siungi mkono.

Wakili Kibosho (#3)
Kipanga #2, hilo lina dawa na limeshafanyika. Uingereza, kwenye mbio za kupanda mgongoni, kanuni za mwaka 2023 zinaruhusu mapigo 6 kwenye mbio za bila viunzi na 7 kwenye za viunzi. Ukizidisha kwa manne au zaidi, farasi anafutwa kabisa kwenye matokeo. Ila kamati inayopitia makosa hayo inakaa baadaye, siyo papo hapo uwanjani, kwa hiyo waliobeti wanakuwa wameshalipwa kwa matokeo ya siku ile na hela yao haiguswi. Anayepoteza ni mwenye farasi, mkufunzi na mpanda farasi.

Swali langu kwa mleta uzi ni la haki. Mwenye farasi kakaa jukwaani, hakushika mjeledi. Kwa nini yeye apoteze dola 10,000 kwa kosa la mtu mwingine?

Mswahili wa Ontario (#4)
Wakili, kwa sababu ni yeye aliyemwajiri na ndiye atakayemwajiri tena wiki ijayo. Akipoteza mara moja, ataanza kuuliza dereva gani ana mkono mwepesi. Leo hii haulizi.

Hesabu Tupu (#5)
Mleta uzi, hesabu yako #1 ina tundu. Umelinganisha kushinda na kutopata kitu. Dereva asipompiga farasi hapati sifuri, pengine anakuwa wa pili. Mgawanyo wa kawaida huko Amerika Kaskazini ni asilimia 50, 25, 12, 8 na 5. Wa pili anachukua 5,000 na dereva wake 250. Faida ya kuchapa ni hiyo tofauti ya dola 250, tena kama kweli mjeledi ndio uliompandisha. Faini ya 300 kwenye mbio za kawaida tayari ni hasara.

Balaa liko kwenye mbio kubwa. North America Cup, mbio kubwa za vigari pale uwanja wa Mohawk huko kwenu Ontario, zawadi yake ni dola milioni moja za Kanada. Dereva wa kwanza anaondoka na 25,000, wa pili 12,500. Hapo faini ya mia tatu ni hela ya chai. Adhabu ingefuata ukubwa wa zawadi, wala usingehitaji kumfuta farasi.

Mzee wa Mtaa wa Pili (#6)
Hesabu Tupu, adhabu ya kufuata zawadi ilishajaribiwa na moto ukawaka. Oktoba 2011 pale Ascot, Uingereza, mpanda farasi Christophe Soumillon alishinda mbio za Champion Stakes na farasi anaitwa Cirrus des Aigles. Kanuni mpya zilikuwa na siku chache tu: mapigo matano katika mita 200 za mwisho. Yeye akapiga sita. Pigo moja la ziada! Akanyang'anywa mgawo wake wote wa zawadi, pauni zaidi ya 50,000, na kufungiwa siku tano. Wapanda farasi wakachachamaa, na mwenzao Richard Hughes alikuwa ameshairudisha leseni yake kwa hasira siku chache kabla. Kanuni zikarekebishwa, na Soumillon mgawo wake akarudishiwa.

Ukiweka adhabu kubwa kwa kosa dogo, waamuzi wenyewe wanaogopa kuitumia. Nimeona hivyo hata kwenye mambo ya trafiki.

Dada wa Melbourne (#7)
Jamani mbona mnahangaika na kuhesabu? Huku Australia mbio za vigari zilipiga marufuku mjeledi kabisa tangu 2017, na farasi bado wanakimbia.

Salki (#8)
Dada #7, siyo hivyo. Harness Racing Australia, chama kinachosimamia mbio za vigari huko, walitangaza Desemba 2016 kwamba marufuku itaanza tarehe 1 Septemba 2017. Madereva na wakufunzi wakapinga, na kabla tarehe haijafika uamuzi ukageuzwa. Mjeledi upo mpaka leo, ila kwa masharti. Kanuni ya 156 inasema dereva atautumia kwa kuudokoa tu, yaani kuurusha kidogo kwa kifundo cha mkono, hatamu kila mkono, ncha ikielekea mbele, na bega lisishiriki.

Hilo la bega naona ni zuri kuliko kuhesabu mapigo. Pigo moja la bega zima linaumiza kuliko madokoo kumi ya kifundo cha mkono.

Dada wa Melbourne (#9)
Sawa Salki, na hapohapo kuna kanuni nyingine inayoleta utata, ya 149. Inamtaka dereva achukue kila hatua ya busara inayoruhusiwa ili farasi wake ashinde au apate nafasi bora. Sasa fikiria uko mita 200 za mwisho, umepitwa kwa pua. Usipochapa, waamuzi wanakuita: "Mbona hukujituma?" Ukichapa sana, wanakuita: "Mbona umezidisha?" Mume wangu anafuatilia sana mbio hizi na anaamini nusu ya mapigo ni maonyesho kwa waamuzi na kwa waliobeti. Dereva anataka waone mkono unacheza.

Kwa hiyo mleta uzi, tatizo siyo tamaa ya 250. Ni woga.

Kipanga wa Tandale (#10)
Dada kanena. Mimi nikiona dereva katulia tuli na farasi wangu anapitwa, nitasema kauza mechi. Bora niseme ukweli.

Daktari wa Mifugo Moro (#11)
Naona mnabishana kama vile ni lazima mjeledi uongeze mwendo. Mwaka 2011 David Evans na Paul McGreevy wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha utafiti wa mbio tano. Farasi walikuwa na kasi kubwa zaidi kati ya mita 600 na 400 kabla ya mwisho, wakati ambapo hawakuwa wanachapwa. Mapigo yaliongezeka mita 400 za mwisho, na hapo kasi ilikuwa inashuka. Walipochambua, hawakuona kwamba kuchapwa kulibadilisha nafasi ya farasi mwishoni. Misuli iliyochoka haipati nguvu mpya kwa maumivu.

Jambo la pili, kuna wanaosema ngozi ya farasi ni nene, hasikii. Mwaka 2020 Lydia Tong na wenzake walilinganisha ngozi ya tako la farasi na ya binadamu kwa darubini. Ngozi ya farasi ni nene zaidi kwa jumla, ila unene huo uko chini. Tabaka la juu, ambako ncha za neva za maumivu zipo, halikutofautiana kwa maana yoyote na la kwetu, wala wingi wa ncha hizo.

Kwa hiyo lile tuta analoligusa mwenzetu #1 linauma kama ambavyo lingekuuma wewe. Nimetibu punda wa mikokoteni kwa muda mrefu na sijawahi kukubali hoja ya "huyu kazoea". Mnyama hazoei, anaacha tu kuonyesha.

Salki (#12)
Dokta, heshima kubwa, ila utafiti wa 2011 ulihusu farasi wa kupandwa, siyo wa vigari. Mpanda farasi ana miguu, ana kiuno, anausukuma mwili wa farasi. Dereva wa kigari hamgusi farasi popote zaidi ya hatamu. Kabakiwa na sauti, hatamu na mjeledi. Ukimnyang'anya mjeledi, na farasi akaanza kuegemea upande mwingine kwenye kona, wengine wako sentimita chache pembeni, gurudumu likiingia kwenye gurudumu watu wanavunjika.

Daktari wa Mifugo Moro (#13)
Kumwelekeza na kumharakisha ni vitu viwili. Kwa usalama abaki nao, sina ubishi. Nilichokataa ni kuchapa farasi aliyenyooka, aliyekwisha pumzi.

Mrundi wa Stockholm (#14)
Amahoro bandugu.

Salki #12, umesahau kitu. Huku Sweden farasi wengi wanakimbia na vizibo vya masikio. Vimefungwa kwenye kamba inayofika kwa dereva. Anasubiri mita mia chache za mwisho, anavuta, vizibo vinachomoka, na farasi ghafla anasikia kwato, magurudumu na kelele za jukwaa lote. Anashtuka na kwenda. Hakuna aliyepigwa. Nenda uwanja wa Solvalla hapa Stockholm mwisho wa Mei kwenye mbio kubwa za Elitloppet utaona: farasi anakimbia mita 1,609 za mchujo, walioingia fainali wanakimbia tena umbali uleule siku hiyohiyo. Farasi aliyechoshwa kwa fimbo kwenye mchujo atafanya nini fainali?

Halafu Ulaya, ukiacha sehemu kama Uingereza na Ireland, tunakimbiza zaidi farasi wa troti. Wa troti ukimbughudhi anaruka shoti na umeshakosa. Kule Amerika na Australia wengi ni wale wa miguu ya upande mmoja, wanafungwa mikanda ya miguuni inayowashikilia kwenye mwendo. Dereva anajua hata akimchapa hataruka kirahisi. Mimi naona hapo ndipo mkono unapopata uhuru. Siyo faini, siyo woga, ni ile mikanda.

Na jirani zetu Norway walizuia mjeledi tangu 1982.

Salki (#15)
Ya 1982 Norway ni ya mbio za kupanda, Mrundi. Ila la vizibo nalipokea. Ontario pia vipo.

Mswahili wa Ontario (#16)
Vipo, tena sana. Mrundi, hoja yako ya mikanda sijawahi kuisikia na nitaiuliza zizini. Lakini hata farasi wa troti tunao hapa, nao wanarudi na matuta. Mikanda peke yake haielezi.

Mwalimu Ngosha (#17)
Wakuu, nimesoma uzi wote kimya, ila hili la kuhesabu mapigo mbona tunalijua? Kanuni za mwaka 2002 za viboko shuleni hapa Tanzania: visizidi vinne, mkuu wa shule achape mwenyewe au ateue mwalimu kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Niulize mimi niliyekaa ofisini humo, hilo daftari linajazwa lini. Mwenye fimbo akiwa ndiye mwenye kalamu, hesabu itakuwa nne siku zote.

Mbio za farasi angalau zina kamera na waamuzi ambao si madereva. Hapo wametuzidi.

Kipanga wa Tandale (#18)
Mwalimu leo katoa siri za kambi 😂

Chalii wa Ngaramtoni (#19)
Tusiugeuze uzi kuwa wa shule, mtaanza kusimuliana nani alichapwa darasa la ngapi tukeshe hapa. Turudi kwa farasi.

Binti Shela (#20)
Niwarudishe kwa punda basi. Kwetu Lamu siku za Maulidi kuna mbio za punda ufukweni, vijana wapanda bila tandiko, na mji wote watoka kutazama. Kuna kina kaka wenye kijiti mkononi, na kuna wale wampigia punda visigino na kumsemesha tu. Mimi sikatai mbio, nazipenda sana.

Lakini niwaambie kilichobadilisha watu kwetu. Sio faini. Hospitali ya punda ya The Donkey Sanctuary iko Lamu tangu 1987, matibabu ni bure, na wao wana mashindano yao: wapewa zawadi wenye punda waliotunzwa vizuri. Punda asimamishwa mbele ya watu, daktari amtazama ngozi, kwato, meno, mgongo. Mwenye punda mwenye kidonda mgongoni aona haya mbele ya majirani. Haya hiyo yashinda faini ya askari wa kaunti.

Mbona huko Ontario wasimpe tuzo mtunzaji na dereva ambaye farasi wake warudi bila tuta?

Wakili Kibosho (#21)
Binti Shela, wazo zuri, ila aibu inafanya kazi Lamu kwa sababu watu wanajuana. Dereva wa mbio kubwa anaonekana na maelfu kwenye skrini, na wengi wao wanataka ashinde tu. Kipanga #10 ni shahidi.

Kuhusu sheria za kwetu, Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya wana sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inayotaja waziwazi kumpiga mnyama kikatili na kumwendesha kupita kiasi. Ukizisoma, mwenye mkokoteni anayempiga punda pale sokoni anaweza kufikishwa mahakamani. Ajabu ni kwamba kwenye mbio, nchi nyingi, pigo lilelile linaamuliwa na chama cha mchezo kwa faini ndogo. Uwanja umekuwa kama kisiwa chenye sheria zake.

Bin Nahodha, Muscat (#22)
Assalaam alaykum. Naona hamjagusa Ghuba. Hapa mbio ni za ngamia. Walipokatazwa watoto kupanda, kuanzia mwaka 2005 Qatar na Imarati wakaleta roboti. Kiroboto kinafungwa mgongoni, kina kimjeledi kinachozunguka, na mwenye ngamia yuko ndani ya gari linalokimbia sambamba na uwanja, kidole kwenye rimoti. Mtoto kaokoka, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ngamia bado anachapwa, na anayechapa hata hamsikii akihema.

Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Bi Aisha alipompanda ngamia mgumu akawa anamrudisha huku na huku, Mtume (SAW) akamwambia ashikamane na upole. Mimi kwangu hiyo inatosha kuliko kanuni ya 156.

Mzee wa Mtaa wa Pili (#23)
Wa alaykum salaam. Shehe, hiyo rimoti inavunja hoja ya Salki kwamba mjeledi ni wa usalama. Roboti haogopi kuanguka!

Salki (#24)
Mzee, ngamia hawavuti vigari. Usinibebeshe roboti.

Nirudi kwa Hesabu Tupu #5, kwa sababu kuna kitu hakijasemwa. Adhabu inayowauma madereva siyo faini, ni kufungiwa. Dereva mwenye jina anaendesha mbio kumi kwa usiku mmoja. Mfungie siku tano, hesabu hizo mbio, na hesabu pia kwamba farasi wake wazuri watapewa mtu mwingine ambaye huenda akashinda nao na wasirudi kwake. Hicho ndicho wanachokiogopa. Kama Ontario majina ni yaleyale, nitauliza: wanafungiwa siku ngapi, na wanaruhusiwa kuchagua lini waanze kutumikia?

Mswahili wa Ontario (#25)
Swali zuri hilo la mwisho. Nilichokiona zizini ni kwamba dereva akifungiwa siku chache, wengine wanaichukua kama likizo waliyokuwa wanaihitaji, hasa baada ya mbio kubwa kupita. Akifungiwa kabla ya mbio kubwa, hapo ndipo utasikia rufaa na wanasheria.

Dada #9, hoja yako ya woga imenikaa. Kuna dereva kijana aliniambia kwamba mwenye farasi alimpigia simu baada ya mbio na jambo la kwanza alilouliza ni kwa nini mjeledi haukuonekana kwenye video. Farasi alikuwa wa tatu, kakimbia vizuri kuliko uwezo wake, karudi ngozi safi. Kijana hakupewa yule farasi tena. Sasa huyo ukimtoza faini siku nyingine akichapa, umemwadhibu nani? Ndiyo maana bado nashikilia kwamba mwenye farasi naye lazima apoteze kitu.

Hesabu Tupu (#26)
Basi mtoze mwenye farasi faini ya asilimia, lakini matokeo yabaki. Kumfuta farasi kunamwadhibu pia mtunzaji kama wewe, ambaye bonasi yako inatoka kwenye ushindi huohuo.

Mswahili wa Ontario (#27)
Bonasi hiyo niko tayari kuikosa.

Kipanga wa Tandale (#28)
Mimi nakubali pande zote mradi nilipwe kwanza kama alivyosema Wakili #3. Ila Dokta #11, nimesoma mara mbili ile ya ngozi. Kama farasi anasikia kama mimi, na mwendo hauongezeki, kuna mtu yeyote humu amewahi kuona mbio za vigari zinazoendeshwa bila mjeledi kabisa? Waliobeti walikimbia au walibaki?

Mrundi wa Stockholm (#29)
Kipanga, Norway hawapo mbali na mimi. Nikienda nitakaa jukwaani na wanaobeti niwaulize. Salki asije akanisahihisha mwaka tena.

Salki (#30)
Nitakusahihisha ukikosea 😄 Na ukifika, waulize pia waamuzi: bila mjeledi, dereva asiyejituma wanamtambua vipi?